Vitabu Nyuma ya Kamusi

Shule yangu ya ukutubi ilikuwa juu ya duka la mashuka, karibu na Mtaa wa Msimbazi, ndani ya intaneti kafe yenye feni moja iliyozunguka kwa kuguna. Masomo yangu rasmi yaliishia kidato cha nne. Kozi niliyoipata baadaye ilikuwa fupi, ya kupanga vitabu kwa namba na kugonga muhuri. Kwa hiyo nilipogundua, nikiwa tayari na mvi, kwamba wakutubi wa nchi za mbali wanaandika mtandaoni mambo ya kazi yao, na kwamba yeyote anaweza kuyasoma, nilijiona kama mtu aliyekuta geti la chuo liko wazi na mlinzi kalala.

"Hizo zinaitwa blogu, mzee," aliniambia dada aliyekuwa akiuza muda pale kafe. "Kila mtu na yake. Hata wewe ukitaka ninakufungulia."

Sikutaka kufungua. Nilitaka kusoma. Nilikuwa nikienda jioni, kamusi kwapani, nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni ambayo vijana hawakuipenda kwa sababu herufi zake mbili zilikuwa zimefutika. Nilifuatilia blogu kadhaa za maktaba na za teknolojia ya kufundishia, lakini iliyonikaa moyoni ni ya mama mmoja, mkutubi wa shule katika nchi ya baridi. Aliandika vizuri, bila maringo. Leo anaeleza jinsi ya kupanga meza ili wanafunzi wafanye kazi kwa makundi, kesho anaeleza programu ya kuorodhesha vitabu, keshokutwa anacheka jinsi kompyuta zote zilivyomzimikia mbele ya wazazi. Nilimsoma kama wengine wanavyosoma barua za ndugu aliye ng'ambo.

Mimi nilikuwa mtunza chumba cha kusomea kwenye ghorofa ya chini ya jengo moja la Kariakoo. Jengo lilijengwa zamani na familia za Kihindi za biashara, na wazee wao waliamua tangu mwanzo kwamba chumba cha mbele kiwe cha vitabu, kwa mtu yeyote apitaye. Wadhamini wa wakati wangu walikuwa watoto wa wazee wale. Wenyewe walikuwa watu wazima sasa, na mji ulikuwa umebadilika mbele ya macho yao. Soko huria lilikuwa limekwisha kukaa na kukunja miguu. Nyumba za chini zilivunjwa, maghorofa yakapanda, na kila ukuta uliotazama barabara ulitobolewa ukawa fremu ya duka. Walikuwa wamebaki wao tu na chumba chenye madirisha makubwa, katikati ya biashara, kikiwa kimejaa vitabu vya kizamani.

Mwenyekiti wao alikuwa na duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Bwana Maktaba," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni, macho yakipima upana wa chumba, "watu wananipigia simu kila siku. Wanataka fremu. Wenzangu wanasema tuwape. Mimi nasema, tumwangalie kwanza mzee wetu. Lakini nikuone unafanya kitu, bwana. Hiki chumba hakijabadilika toka nimevaa kaptula."

"Kitabadilika," nilisema.

"Baada ya Pasaka nakuja na wenzangu."

Hapo ndipo nilipofunga mkanda. Nisingekubali chumba kile kiwe maduka ya vikombe. Nilirudi kwa mama wa blogu, nikasoma makala zake za nyuma zote, mpaka za mwanzo kabisa, nikitafuta dawa.

Na dawa niliipata. Aliandika kwamba maktaba ni kama shamba, usipopalilia mazao hayaonekani. Kitabu kisichosogea ni samani. Tazama tarehe za muhuri kwenye kadi ya kuazima. Kama kitabu hakijaazimwa kwa miaka, kiondoe bila huruma, upate nafasi ya meza, ya mwanga, ya kompyuta. Aliweka na picha mbili za maktaba yake, kabla na baada. Ile ya baada ilikuwa kama chumba cha kungojea ndege.

Nilizitazama picha zile, nikaona chumba changu kilichookoka.

Sasa inanibidi nieleze jinsi watu walivyosoma kwangu, maana ndiko nilikokosea.

Wasomaji wangu wengi hawakuwa wanafunzi wa shule. Walikuwa watu wa Kariakoo wenyewe: makuli, wauzaji wa madukani, mafundi cherehani wa barazani, watu waliokatika masomo njiani na sasa walikuwa wakijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Walikuja saa ya chakula, wengine bila kula, wakasoma, wakarudi kazini. Kuazima hawakuazima. Kanuni ilidai barua ya mjumbe wa nyumba kumi na barua ya mwajiri, na mtu anayehama chumba kila kodi inapopanda mjumbe wake ni nani? Isitoshe, hata wangeazima, huko wanakolala hapakuwa na pa kusomea.

Kwa kuwa vitabu vya masomo vilikuwa nakala mojamoja, walikuwa na desturi yao. Ukimaliza kusoma, hukirudishi kitabu mahali pake, kwa sababu kesho atakikuta mwingine kabla yako. Unakificha. Kemia inalala nyuma ya vitabu vya kilimo. Historia inakwenda kwenye rafu ya dini. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mzima wa makamo, mkimya, aliyekuwa akirudia Bayolojia kwa sababu alitaka kwenda kusomea uuguzi. Yeye kitabu chake alikilaza nyuma ya kamusi kubwa, rafu ya chini kabisa. Kila adhuhuri aliingia, akanisalimu, akachuchumaa, akapitisha mkono nyuma ya kamusi bila kutazama, kama mtu anayejua swichi ya chumba chake gizani. Akakaa. Akafungua kwenye mchoro wa moyo.

Nilikuwa nikilijua jambo hili, na lilikuwa likiniudhi. Niliwaona ni watu wasio na nidhamu. Walikuwa wamenibandika jina la Mzee Kimya kwa jinsi nilivyopenda kuwakemea: "Kimya!"

Pasaka ilipofika Kariakoo ikanyamaza, maduka yakafungwa, nami nikajifungia ndani nikapalilia. Nilifungua kadi moja baada ya nyingine. Kadi nyeupe, kitabu chini. Kitabu nilichokikuta mahali pasipo pake, na kadi yake nyeupe, kilitangulia. Kazi ilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, na mimi, sifichi, niliifurahia. Nilimwita mnunuzi wa karatasi kuukuu, wale wanaowauzia wenye karanga na maandazi karatasi za kufungia, akaja na mkokoteni. Nilibaki na vitabu vizuri: hadithi, safari, vitabu vyenye majalada yanayong'aa ambavyo watumishi wa ofisini waliokuwa na barua zote waliviazima. Mwenyekiti akanipatia kompyuta mbili kutoka dukani kwake. Nikazifunika vitambaa.

Kisha nikaenda kafe, nikaandika maoni chini ya makala ya yule mama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba nami nimepalilia, hapa Dar es Salaam, na kwamba chumba sasa kinapumua.

Maduka yalipofunguliwa wakaja. Wa kwanza kuingia alikuwa dada mmoja wa Kilimanjaro, muuzaji wa duka la vyombo la kaka yake.

"Shikamoo, mzee. He! Pamekuwa benki hapa."

"Marahaba. Umependa?"

"Pazuri." Alikuwa tayari anapapasa nyuma ya rafu. "Mzee, kile cha Kemia kisicho na jalada kiko wapi? Huwa nakilaza huku."

"Nimekiondoa. Kilikuwa hakiazimwi."

Aligeuka polepole. "Hakiazimwi na nani?"

"Kadi yake nyeupe miaka yote."

"Mzee wangu, nikiazime nikipeleke wapi? Tunalala wanne chumba kimoja, na mwenye nyumba anazima taa kwenye swichi kuu. Mimi hicho kitabu nimekisoma hapa mpaka ukurasa wa mwisho, nimerudi mwanzo. Umekipeleka wapi?"

Kuli mmoja aliyekuwa nyuma yake, shuka begani, alipiga kofi.

"Jamani, Mzee Kimya katutosa! Kauza timu kabla ya mechi!"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. Wengine walianza kufungua vitabu vya majalada yanayong'aa, wakavifunga. Ndipo akaingia yule fundi. Alinisalimu kama kawaida, akachuchumaa, akapitisha mkono nyuma ya kamusi. Mkono ulikaa huko muda. Aliutoa, akaupeleka tena, taratibu zaidi, mpaka nikasikia kucha zake zikigusa ukuta.

Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi magotini.

"Ahsante, mzee," akasema, akatoka.

Mpaka leo sijui alinishukuru kwa nini. Ningependa angenitukana.

Baada ya siku chache wadhamini walikuja. Mvua ilikuwa imeanza, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kompyuta zilikaa na vitambaa vyake kama maharusi walioachwa. Rafu zilikuwa na nafasi, meza zilikuwa safi, na hapakuwa na mtu hata mmoja isipokuwa mimi. Mwenyekiti alizunguka, akafunua kitambaa, akakirudisha.

"Umepasafisha kweli," alisema. Nadhani hakukusudia kuniumiza. "Lakini watu wako wapi, Bwana Maktaba?"

"Ni mvua."

Alitazama nje. Barabarani watu walikuwa wakipita na mifuko ya plastiki kichwani, wakinunua, wakiuza, wakibishana.

"Mvua zikiisha mafundi wanaingia," alisema. "Tutakupa mkono wa kwaheri mzuri. Usihofu."

Nilikwenda kafe siku ile kwa mazoea tu, kama mgonjwa anavyorudi hospitali ileile. Nikakuta yule mama amenijibu. Alinishukuru kwa kumsoma kutoka mbali kiasi kile. Alinipongeza. Halafu mwishoni aliuliza swali: na wale wanaosomea humohumo bila kuazima, ulihesabu vipi vitabu vyao? Kwake yeye, aliandika, huwa anawaomba wasomaji wasirudishe kitabu rafuni. Wakiache mezani. Jioni anapita akiviona vilivyotumika, kabla hajavirudisha.

Nilitafuta kama aliwahi kuliandika jambo hilo katika makala ile ya kupalilia. Nilikuwa nataka kumlaumu. Nikalikuta. Lilikuwa aya nzima, chini ya picha. Sikuwa nimeisoma, kwa sababu picha zilinitosha.

Hapo nilikaa nikitazama feni. Dada wa kafe akaniuliza kama muda umeisha aniongezee. Nikamwambia hapana, nina kazi.

Mnunuzi wa karatasi alikuwa na banda lake bondeni, upande wa Jangwani. Kila mwenye akili alikuwa akipanda kutoka huko kwa sababu ya mafuriko, mimi nikashuka, suruali nimeikunja magotini. Nilimkuta ameketi juu ya marobota yake kama kuku juu ya mayai.

"Nimefuata vitabu vyangu."

"Vyako? Si uliniuzia, mzee?"

"Nilikosea."

"Vingine vimeshakuwa vifungio vya karanga huko sokoni. Vya chini vimelowa. Vya juu hivi hapa." Alinitazama miguu, tope mpaka kwenye mapaja, akatikisa kichwa. "Mtu mzima na mvua hii kwa ajili ya makaratasi! Chukua. Ila mkokoteni ujitafutie."

Nilianza kuvipandisha mwenyewe, vichache vichache, nimevifunga kwenye nailoni. Siku ya pili yule kuli wa kunitania alinikuta njiani nimesimama napumua. Alinitazama, akatazama furushi, akaanza tena utani wake wa mpira.

"Usajili wa dirisha dogo, Mzee Kimya?"

"Nisaidie au nipishe."

Alicheka, akalipachika begani. Jioni alirudi na mwenziwe na mkokoteni.

Vilivyolowa vilikuwa vingi. Kurasa zilikuwa zimevimba na kushikana, na zilianza kunuka. Sikujua la kufanya mpaka yule dada wa duka la vyombo alipokuja kuchungulia. Hakuwa amenisamehe, hilo lilionekana. Alishika kitabu kimoja, akakiminya kidogo.

"Hivi ukiviacha hivyo vinaoza. Una kamba?"

"Nina kamba."

Akaondoka, akarudi na pakiti za vibanio vya nguo kutoka dukani. Tulifunga kamba toka dirisha hadi dirisha, juu ya zile kompyuta, tukaanika kurasa kama nepi. Umeme uliporudi, feni zikawashwa. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama, na baadhi yao, wale wa zamani, waliingia. Mmoja alijua kushona migongo ya vitabu kwa uzi wa magunia. Mwingine alipanga kurasa kwa namba. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kujaa maneno, na sikumkemea mtu.

Kitabu cha Bayolojia nilikipata siku ya mwisho, kwenye robota la chini. Jalada lilikuwa limekwenda na kurasa za mwanzo pia. Mchoro wa moyo ulikuwa umepauka lakini ulisomeka. Nilikianika mwenyewe.

Nikaweka kanuni mpya na nikaiandika ukutani kwa kalamu ya wino mzito: Usifiche. Usirudishe. Acha mezani. Nikawaambia kwamba kila mtu atakikuta kitabu chake kesho, na kama wawili wanakitaka, watakaa wawili. Barua ya mjumbe nikaifuta. Hawakuniamini mara moja. Wiki ya kwanza bado nilikuta Historia kwenye dini. Lakini taratibu meza zilianza kubaki na vitabu baada ya saa ya chakula, vimefunguka, vimelaliana, kimoja na punje ya wali ndani yake.

Mvua zilipokatika nilikwenda mwenyewe dukani kwa mwenyekiti.

"Njooni mara moja zaidi," nilimwambia. "Mje adhuhuri. Kama mkiona hapafai, nakabidhi funguo palepale."

Maisha yangu yote mgeni alipokuja nilipanga. Siku ile sikupanga. Mikono ilitamani kukusanya vitabu vile, nikaiweka mfukoni. Walipoingia hapakuwa na kiti. Mwenyekiti alipita kati ya meza kwa shida.

"Mbona pamekuwa hivi? Mara ile palikuwa safi."

"Mara ile palikuwa hapasomwi."

Alinyoosha mkono, akachukua kitabu kilichokuwa kimefunguliwa mezani, mbele ya yule dada wa duka la vyombo.

"Mzee, samahani," ilisema sauti chini yake. Ni yule kuli, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Hicho nakisubiri mimi. Huyu dada akimaliza zamu yake ni mimi."

"Nimekiazima kidogo tu," mwenyekiti alisema.

"Hapa hatuazimi. Tunapanga foleni."

Chumba kizima kikacheka, na mwenyekiti naye akacheka, akakirudisha kitabu pale alipokitoa, hata ukurasa akauacha uleule. Aliniita nje, barazani.

"Wenzangu wameshapokea hela za kishika uchumba cha fremu," alisema. "Sitakudanganya. Sehemu ya mbele inakwenda."

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ni stoo."

"Stoo ina dirisha. Nipe stoo pamoja na nusu ya ukumbi, mpaka kwenye ile nguzo ya katikati. Kompyuta moja irudi kwako, moja ibaki. Na mlango wa uchochoroni uwe wetu."

"Umepanga kabisa!"

"Nimepanga."

Alitazama barabara, zile fremu za wenzake zilizokwisha kupakwa rangi. "Mpaka kwenye nguzo," alisema hatimaye. "Usivuke nguzo, bwana."

Chumba hicho kipo mpaka sasa ninapoandika, kidogo kuliko kilivyokuwa, unaingia kwa uchochoro kati ya duka la mapazia na duka la simu. Kilinusurika kwa nusu. Nusu ile nyingine niliipoteza mimi, na sitawatupia mzigo wadhamini wala yule mama wa blogu. Watu wangeonekana pale tangu siku ya kwanza ya ukaguzi kama nisingewafukuza kwa kuondoa vitabu vyao.

Nilimwandikia yule mama kumweleza yote. Alifurahi, akaomba ruhusa aweke maneno yangu kwenye makala yake. Baadaye blogu yake ilinyamaza, kama zilivyonyamaza nyingi. Nilizoea nyingine. Hadi leo nikisoma ushauri wa mtu wa mbali ninasoma kwanza aya za chini ya picha.

Yule dada wa Kilimanjaro alifaulu Kemia, akanitania kwamba alama zile ni za vibanio vyake. Fundi cherehani hakurudi. Nilimfuata kwenye baraza alilokuwa akishonea, nikakuta mahali pa cherehani yake pana meza ya makava ya simu. Niliuliza mafundi wengine, mtaa hadi mtaa. Mmoja alisema amehamia Mbagala, mwingine akasema amerudi kwao. Hakuna aliyejua kama alifanya mtihani. Mtihani wa mwaka ule ulipita, na wa mwaka uliofuata.

Nilipostaafu nilimkabidhi mwenzangu mpya funguo, na ile kanuni ya ukutani, naye anaishika vizuri kuliko mimi. Nilimwomba jambo moja tu, akashangaa, kwa sababu linavunja kanuni yenyewe. Kile kitabu cha Bayolojia kisicho na jalada wasomaji wanakitumia mezani kama vingine. Lakini kila jioni chumba kinapofungwa, kisibaki mezani. Kirudishwe chini kabisa, nyuma ya kamusi kubwa, kilale mahali ambapo mkono unaweza kukifikia bila macho.

Jumamosi nikipita huko, huwa nachuchumaa nikahakikisha. Magoti yanalalamika. Kipo.